Sahau ya Papa Adalbert

Wako watu wanaosahau kwa uzee, wako wanaosahau kwa pombe, na wako wale, Mungu awasamehe, wanaosahau kwa sababu hawataki kukumbuka. Papa Adalbert alisahau kwa ufundi. Kadutu yote, mtaa wetu wa Bukavu, ilijua hivyo, na nusu ya mtaa wa Bagira, na familia ziligombania nafasi katika Jumamosi zake kwa ajili ya sahau hiyo.

Siku za kazi alikuwa fundi cherehani. Kibanda chake kilikuwa chini kidogo ya soko la Kadutu, pale njia inapoteremka na kugeuka mto mvua ikinyesha, na humo alishona sare za shule, mashati meupe na sketi za bluu, mwaka nenda mwaka rudi. Vipimo hakuviandika. Alikuzungushia utepe mgongoni, akanung'unika kidogo, na nguo ikaja ikakukaa. Lakini wengi walioinama kuingia kibandani hawakuleta kitambaa. Walileta habari za kijana wao aliyepata msichana.

Maana kwetu baba haendi kuomba mke wa mwanawe kwa mdomo wake mwenyewe. Baba huketi, kofia magotini, na anayesimama ni msemaji, ambaye watu wa Bukavu humwita porte-parole. Huyo ndiye anayesalimu, anayetaja koo, walio hai na waliolala, anayeeleza ng'ombe na mbuzi walioletwa na wale ambao bado wako njiani. Upande wa msichana nao una msemaji wao, na kazi ya huyo ni kumtega mgeni. Ukimwita shangazi kwa jina la dada yake, amende, yaani faini. Ukisahau kumshukuru mama aliyebeba mimba, amende. Amende yenyewe ni kreti ya bia, au jogoo, au mbuzi ikiwa kosa ni zito, na watu hucheka mpaka wanashika mbavu, lakini wanaitoza kweli.

Wasemaji wengine waliogopa kusahau. Adalbert alikwenda kusahau makusudi. Alipanda ukoo wa wenyeji jina kwa jina, bila kujikwaa, na alipofika mahali patamu zaidi alisimama ghafla. Alishika koo. Alitazama juu, kwenye turubai la sherehe. Alisema jina hilo analo, alikuja nalo kutoka Bukavu, ila njia ilikuwa na vumbi na koo limekauka. Basi hapo wenyeji wenyewe ndio waliolazimika kumletea kinywaji, maana ni aibu jina la mkubwa wenu likwame kooni mwa mgeni nyumbani kwenu. Mara moja huko Mumosho alikwama mbele ya bibi mmoja mzee sana aliyeketishwa mlangoni na blanketi miguuni. Walileta kasiksi, pombe ya ndizi, akanywa, akafuta sharubu, na akamtaja yule bibi si kwa jina lake la ubatizo tu, bali na la sifa alilopewa na baba yake akiwa mtoto, ambalo wajukuu wake hawakuwahi kulisikia. Bibi alicheka mpaka kitambaa kikamwanguka kichwani. Siku hiyo mbuzi wawili waliokuwa wakibishaniwa walisamehewa.

Kijana Hugues, binamu yake aliyekuwa akijifunza kazi hiyo, alimuuliza siri. Adalbert alimjibu kwamba hakuna siri: usicheze na jina usilolishika. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, wazee walisema, na yeye ulimi wake haukuwahi kujikwaa. Kila asubuhi ya siku kama hiyo aliketi kwenye cherehani, akakanyaga pedali bila kitambaa, na kuyapitisha majina yote mdomoni. Alijigamba, ndiyo. Mtu asipojigamba kwa kitu chake kimoja atajigamba kwa nini?

Mwenye kujua bei ya ulimi huo alikuwa mdogo wake, Xavier. Walizaliwa wawili tu kwa baba na mama, huko Walungu, na Xavier alikuwa mpole, mtu wa kusikiliza na kutabasamu. Kiharusi kilimpiga akiwa anavaa viatu kwenda misa. Kilimwachia mguu mmoja na jicho linalofahamu kila kitu, kikamchukulia maneno. Alipotaka maji alisema "leo". Alipotaka kanzu alisema "leo". Alijisikia akikosea, na machozi yakamtoka kwa hasira. Adalbert, aliyekuwa na maneno ya kutosha watu wawili, alikwenda kila jioni kuketi naye, na hakuna mahali duniani alipoona maneno yake hayana kazi kama pale kitandani.

Siku chache kabla ya kufa Xavier alimwita mwanawe wa pekee, Josué, ambaye wakati huo alikuwa bado anasoma. Aliushika mkono wa kijana, akauinua kwa taabu, na kuuweka juu ya midomo ya kaka yake. Kisha akamtazama Adalbert.

"Nimesikia," Adalbert alimwambia. "Siku ya Josué, njo mimi nitasema. Hakuna mwingine."

Xavier alifumba macho. Walimzika kwa mvua.

Kwa hiyo, miaka kadhaa baadaye, pazia jeusi liliposhuka juu ya jicho la kushoto la Adalbert akiwa anapitisha uzi kwenye sindano, alijua ni nini. Lilishuka, likakaa kitambo, likapanda tena, kama mtu aliyefunga dirisha akajirudi. Wiki iliyofuata mkasi ulimwanguka mkono wa kulia, akauokota, ukaanguka tena. Hakumwambia mtu. Alijifanya mkasi una mafuta. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na kwake aliyemuumbua ni mkewe, Maman Eulalie, aliyemkuta ameketi anauangalia mkono wake kama mali ya mtu mwingine. Jioni hiyohiyo aliitwa binti yao mkubwa, Consolate, ambaye ni muuguzi, na Consolate hakubembeleza. Alimpeleka baba yake kupimwa.

Mashine ilionyesha kwamba mshipa mkubwa wa shingo, upande wa kushoto, ule unaopeleka damu kwenye ubongo, ulikuwa umezibwa na mafuta yaliyogandamana, ukabaki tundu kama la sindano. Vipande vya ule uchafu vilikuwa vikimeguka na kwenda juu; kimoja kilifunga jicho, kingine mkono. Kingine, Consolate alisema bila kumtazama, kingeweza kwenda pale kilipokwenda cha papa mudogo Xavier. Watoto walichangishana, parokia ikaongeza, na Adalbert akavuka mpaka wa Ruzizi na binti yake, wakaenda Nairobi.

Huko daktari alimweleza kwa Kiswahili kilichonyooka kama pasi. Moyo wa mzee haukuwa wa kuaminika kwa kisu na usingizi mrefu. Wangepita njia nyingine: waya mwembamba kutoka kinenani hadi shingoni, na hapo wangeacha kijibomba cha wavu wa chuma cha kuuweka mshipa wazi. Na ili vipande visikimbilie ubongoni wakati wa kazi, kwanza wangefungua mbele yake chujio, kitu kidogo mfano wa mwavuli, damu ipite na uchafu ubaki. Adalbert alipenda sana habari ya chujio. Aliuliza maswali mengi juu yake kuliko juu ya moyo wake.

Alikuwa macho muda wote. Walimwambia aminye mwanasesere wa mpira mkononi kila wanapomwambia, akaminya. Walimwambia ataje jina lake na mji wake, akataja na ukoo mzima, mpaka muuguzi akamwomba apumzike. Mwishoni daktari alimwonyesha lile chujio kwenye sahani. Ndani yake mlikuwa na punje za manjano, ndogo, chafu. Adalbert aliziangalia kwa furaha mbaya, ya mtu aliyeonyeshwa wezi wa ng'ombe zake wamefungwa kamba. Alimpigia simu Eulalie: wamezikamata, mdomo umebaki.

Kesho yake walimpitisha kwenye mashine ya kupiga picha ubongo, kwa kuwa hospitali hiyo ilikuwa na kawaida hiyo. Daktari alirudi na picha, akavuta kiti.

"Mzee, kazi imekwenda vizuri, na mshipa uko wazi," alisema. "Lakini upande uleule kuna vidoa vichache vipya. Ni sehemu ndogo sana za ubongo zilizokosa damu."

Adalbert alisema lakini chujio lilikamata, aliona kwa macho yake. Daktari alikubali kwamba lilikamata vikubwa. Vilivyo vidogo kupita matundu hupita, na vingine huenda vilipita waya ulipokuwa bado unatafuta njia, kabla chujio halijafunguliwa. Hakuna mtu aliyekosea. Ndivyo ilivyo.

Adalbert aliichukua ile picha, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Daktari, maman ya batoto wangu anakamuaka kasiksi," alisema. "Anachuja na nyasi, anachuja tena. Na chini ya chupa kitu itabakia tu. Ile ninaelewa. Sasa uniambie: ile madoa imekula nini?"

Daktari angeweza kusema hapana kitu, na mgonjwa angekwenda zake. Kwa heshima yake hakusema hivyo. Alisema hajui. Mikono ina nguvu, maneno yanatoka, na watu wengi hubaki na madoa kama hayo maisha yao yote bila kujua kwamba wanayo. Wachache huona baadaye kwamba kumbukumbu imekuwa nzito kidogo, na hata kwa hao yeye hawezi kuapa kwamba ni madoa na si umri, au presha, au mishipa mingine iliyochakaa. Alichojua ni kwamba mshipa ule ungeachwa vile, hatari ya kiharusi kikubwa ingekuwa mbaya zaidi. Ale dawa zake, asiruke hata siku moja.

Njiani kurudi Adalbert alimwomba binti yake jambo moja. Maman asijue, Hugues asijue, mtu yeyote asijue habari ya madoa. Consolate alikataa. Alimwomba tena kwenye basi, akamwomba tena walipoona ziwa, na hapo, kwa kuwa alikuwa baba yake na alikuwa amechoka, Consolate alikubali. Tangu siku hiyo hakuacha kulijutia neno lake.

Nyumbani walimpokea kwa nyimbo. Jirani walikuja kumgusa shingo, wakatafuta kovu wasilione, na wengine wakanong'ona kwamba alikwenda Nairobi kutembea. Wiki chache baadaye alisimama tena chini ya turubai, akasema vizuri kabisa, akasahau pale alipotaka kusahau, akakumbuka baada ya glasi ya kwanza. Eulalie alilia kwa shukrani. Mdomo ulikuwa umerudi.

Ni vigumu kusema ni lini hasa alianza kujichunguza. Alikata shati moja mikono miwili yote ya kushoto. Basi, mafundi hukosea. Alipoteza njia katikati ya rozari, akajikuta ameanza fumbo la pili mara mbili; basi, hata mapadri husinzia. Kabla ya operesheni alikuwa hasahau funguo? Alisahau. Alikuwa haiti watoto wake kwa majina ya wenzao? Aliwaita. Ila zamani, akisahau, alicheka akaendelea. Sasa kila funguo iliyopotea ilimpeleka kwenye ile picha, na alijiuliza, je, ndiyo wewe? Ukishaambiwa kuna panya ndani ya nyumba, hata ubao ukilia unaamka. Hilo lilimchosha kuliko kusahau kwenyewe, kwa maana hakuna mtu, hata daktari, angeweza kumwambia lini anasikia panya na lini anasikia ubao.

Akaanza kuacha mchezo wake. Alitaja majina yote moja kwa moja, haraka, kama anayevuka daraja bovu, akaketi. Watu walinung'unika. Walisema Nairobi imemfanya mkavu.

Kisha ikaja siku ya posa huko Mudaka. Alikuwa akipanda ukoo wa wenyeji, kila kitu sawa, na jina la babu wa msichana halikuja. Alilishika asubuhi kwenye pedali, alikuwa na hakika. Alisimama. Na watu wakaangua kicheko. Walipiga makofi, wakaambiana kumbe mzee bado ni yuleyule, na kinywaji kikaletwa mbio. Alikunywa, na jina likaja, taratibu, likitokea pembeni, akalisema. Sherehe iliendelea. Hakuna aliyejua isipokuwa yeye na Consolate, ambaye kwa bahati alikuwepo, na ambaye alimwona akishika nguzo ya turubai.

Nyumbani binti yake alimwambia wazi kwamba ampe Hugues nafasi. Hugues alikuwa tayari. Na kama hataki, basi angalau amwambie Hugues ukweli, akae nyuma yake amnong'oneze. Adalbert alikasirika, kwa kuwa alikuwa ameogopa. Alisema ataacha, ameshaamua kuacha, baada ya Josué. Josué alikuwa amepata msichana, Chantal, mtoto wa watu wema wa Walungu, na siku ilikuwa imewekwa. Hakumwahidi Hugues, wala Consolate. Alimwahidi mtu aliyelala chini ya udongo. Tena ilikuwa na shida gani? Akikwama, watacheka, watamletea kinywaji, na jina litakuja, kama Mudaka. Mchezo wake wa zamani ungemfunika.

"Na kama haikuje?" Consolate aliuliza.

Baba yake alichukua kofia akatoka.

Siku ya Josué hapakuwa na mvua. Walipanda Walungu kwa mabasi madogo mawili, akina mama na vitenge vya aina moja, na Josué katikati katika suti ambayo papa mukubwa wake aliishona mwenyewe na kuipima upya mara nyingi kuliko inavyostahili suti. Ilimkaa vizuri. Sijui kama kuna suti iliyowahi kuombewa namna ile.

Uani kwa kina Chantal viti vilipangwa vikitazamana. Upande wa wenyeji alisimama Papa Mardochée, mzee mrefu mwenye kofia ya manyoya, aliyepambana na Adalbert chini ya turubai tangu wote wawili wana nywele nyeusi. Walipendana kama wachezaji wa timu mbili. Mardochée alianza kwa kuwakumbusha watu sheria za ua ule: asiye na neno asiseme, anayekatiza alipe, na bwana harusi, hata akiumwa na siafu, asifungue mdomo mpaka apewe mke, maana mwanamume anayejiombea mwenyewe hana watu nyuma yake. Amende yake ni mbuzi. Josué aliinamisha kichwa, akawa mnyenyekevu kama sanamu.

Adalbert alisimama. Na lazima isemwe, kwa kuwa ni kweli, kwamba hakuwahi kusema vizuri kama siku ile. Aliusalimu ua, akausalimu mlima. Aliutaja ukoo wa Chantal kutoka chini hadi juu, upande wa baba na upande wa mama, na hakuna jina lililomkimbia. Mardochée alimtega kwa shangazi wawili mapacha, akawatenganisha. Alimtega kwa ng'ombe wa mama, yule anayepewa mzazi wa msichana. Akamjibu kwa methali na wamama wakapiga vigelegele. Eulalie alikaa wima kwa fahari. Consolate, nyuma yake, alianza kupumua. Na Adalbert mwenyewe alihisi furaha ikimpanda kifuani, furaha ya zamani ya mtu ambaye maneno yanamtii. Alifika mwisho. Lilibaki jambo moja, jambo alilokuja kwa ajili yake.

"Na leo munaniona mimi nasimama," alisema, "lakini haiko mimi. Mwenye anasimama hapa, mwenye anaomba mutoto wenu, ni papa ya huyu kijana. Ni mudogo wangu, kwa baba moja, mama moja. Ni..."

Jina halikuwepo.

Haikuwa kama Mudaka. Kule alilihisi likiwa karibu, nyuma ya mlango. Hapa palikuwa patupu kama meza iliyopanguswa. Na mtu mwenyewe alimwona wazi kabisa. Aliona koti lake la kahawia, aliona alivyokuwa akikohoa kabla ya kucheka, aliona kiatu kimoja kilichovaliwa na kingine sakafuni, aliona midomo iliyopinda na jicho linalofahamu. Aliona kila kitu cha ndugu yake isipokuwa kile kimoja alichohitaji.

Watu walicheka. Walikuwa wamemngoja hapo tangu asubuhi. Mardochée alipiga paja kwa furaha, akasema alijua tu, hata jina la ndugu wa damu huyu mzee anataka kulinywea. Ikaletwa bia. Adalbert alikunywa. Alifumba macho akajaribu kupita njia ya nyuma, kwa jina la baba yao, la mama yao, la parokia ya ubatizo, la shule. Yote yalikuja. Alipofumbua macho kicheko kilikuwa kimepanda. Mtu alileta jogoo, akamwekea miguuni, na jogoo akawika, na hapo hata watoto waliokuwa juu ya ukuta walijirusha kwa kucheka.

"Sichezi," Adalbert alisema.

Walicheka zaidi. Hugues, mwanafunzi wake, alicheka kuliko wote, akiiweka akilini kwa siku yake mwenyewe.

"Ndugu zangu, sichezi."

Aliyeacha kucheka wa kwanza alikuwa Eulalie. Alimtazama mumewe, kisha akageuka kumtafuta binti yao, na alipomwona Consolate ameficha uso ndani ya kitenge, alijua kwamba kuna jambo, na kwamba wawili hao walikuwa nalo siku nyingi. Nyuso zikaanza kuzimika moja moja, kutoka viti vya mbele kwenda nyuma. Mardochée alibaki ameishika chupa ya pili, hajui aimimine au airudishe.

Adalbert angeweza kuketi. Angeweza kusema kizunguzungu, na wote wangemwamini, kwa kuwa jua lilikuwa kali na yeye ni mgonjwa wa jana. Alilifikiria hilo. Lakini mbele yake alikaa mtoto wa yule mtu, katika suti ile, na hakuwa na lingine la kumpa. Aliona aibu kama hajawahi kuona maishani, aibu iliyomwunguza masikio, na akaipita. Alimgeukia Josué.

"Mutoto wangu," alisema, "unisaidie. Papa yako anaitwaka nani?"

Josué alikuwa bado na tabasamu la mchezo mdomoni. Lilikaa kidogo, halijui liende wapi. Kisha akamwangalia papa mukubwa wake machoni na akaona hakuna mchezo humo. Akasimama kutoka kwenye kiti ambacho hakuruhusiwa kusimama, akavuka ua, na kumshika kiwiko.

"Xavier," alisema. "Anaitwaka Xavier, papa mukubwa. Ni mudogo wako."

Bwana harusi alikuwa amefungua mdomo mbele ya wakwe. Watu wakamtazama Mardochée, maana kazi ni yake, na siku nyingine yoyote angedai mbuzi kabla neno halijaanguka chini. Mzee yule aliweka chupa mezani. Alivua kofia yake ya manyoya.

"Hapa hakuna amende," alisema.

Adalbert alilisema jina la mdogo wake mbele ya watu wote, mara moja, kwa sauti ya kawaida. Kisha aliketi, na Hugues akasimama kumalizia.